Godfrey: Jina Lililozeeka Uingereza, Likakua Usukumani

Kati ya watoto wa kiume watakaozaliwa London au Manchester mwaka huu, wachache mno wataitwa Godfrey. Kwa Waingereza hilo ni jina la wazee, la babu aliyestaafu ukasisi au la askari wa vita vya zamani, na kwenye orodha ya majina 100 yanayopendwa zaidi England na Wales halimo. Mwaka 2023 jina lililoongoza huko kwa wavulana lilikuwa Muhammad, likifuatiwa na Noah na Oliver. Sasa njoo mkoani Simiyu, Usukumani. Shishiyu, Maswa mjini, Bariadi, Meatu, kote huko ukimwita mtu Godfrey barabarani hakuna atakayeuliza umetoa wapi jina hilo. Mwalimu analo kwenye daftari la mahudhurio, na karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anayepima pamba hahitaji kuelekezwa herufi zake. Jina limekuwa adimu lilikotoka na la kawaida lilikohamia, na hilo linataka maelezo. Maelezo yanayokuja haraka ni ukoloni: mzungu alikuja na jina lake, tukalibeba. Yana ukweli, lakini hayatoshi, maana wazungu walikuja na majina mengi, na mengine kama Cuthbert na Egbert hayakupata wafuasi wengi kama hilo. Ninachodai hapa ni kwamba Godfrey limedumu kwetu kwa sababu huku watu hupenda jina liseme kitu masikioni mwa anayelitamka, na kipande cha kwanza cha Godfrey kinasema. Kwa Waingereza wa leo kipande hichohicho ndicho kilicholizeesha.

Tuanze na asili yake. Godfrey si jina la Kiingereza kwa damu. Ni la jamii za kale za Kijerumani, na limeundwa kwa maneno mawili, moja la Mungu na jingine la amani, frid au fridu katika lahaja za zamani. Kwa hiyo maana yake ni amani ya Mungu. Wanormani walioivamia Uingereza mwaka 1066 ndio walioliingiza kwa nguvu kutoka Ufaransa, na huko likachanganyika na jirani yake Geoffrey kiasi kwamba wataalamu wa majina bado wanabishana wapi moja linaishia na jingine linaanzia. Mchanganyiko huo umetufikia na sisi. Jofrey na Godfrey wa Tanzania mara nyingi huandikwa moja mahali pa jingine. Ndugu zake wametapakaa Ulaya nzima: Gottfried wa Wajerumani, aliyekuwa nalo mwanafalsafa Leibniz, Goffredo wa Waitaliano, Godofredo wa Wahispania. Kipande cha pili, kile cha amani, kimo pia ndani ya majina mengine tunayoyajua vizuri. Kimo kwenye Wilfred na Fredrick. Kimo kwenye Wynfrith, jina alilozaliwa nalo Mtakatifu Bonifasi kabla hajawa Bonifasi, na ambalo sura yake ya kike, Winfrida, imejaa Tanzania kuliko ilivyojaa Ulaya. Hata hivyo, mwite Winfrida na uwaulize watu kumi amani iko wapi ndani ya jina hilo. Hakuna atakayeiona. Kipande cha amani kimenyamaza siku nyingi, huku na hata Ulaya kwenyewe, na tofauti hiyo kati ya kipande kinachosema na kipande kilichonyamaza ndiyo msingi wa hoja yangu.

Mwenye jina aliyelipa umaarufu mkubwa kabisa hakuwa mtu wa amani. Godfrey wa Bouillon alikuwa miongoni mwa viongozi wa Vita vya Msalaba vya kwanza, na Julai 1099 jeshi lake na wenzake liliiteka Yerusalemu kwa mauaji ambayo waandishi wa Kikristo na wa Kiislamu wote wameyaeleza. Alichaguliwa kuutawala mji huo akakataa kuitwa mfalme, akafa mwaka uliofuata. Kanisa Katoliki nalo lina Mtakatifu Godfrey wake, askofu wa Amiens nchini Ufaransa aliyefariki mwaka 1115, ambaye sikukuu yake ni tarehe 8 Novemba. Baada ya hapo jina liliishi maisha ya kawaida ya kabaila na msomi wa Kiingereza kwa karne nyingi, halikuwahi kuwa na wingi wa John au William, lakini halikupotea. Godfrey Hardy, mwanahisabati wa Cambridge aliyefariki mwaka 1947, ni mfano mzuri wa aina ya watu waliolibeba.

Kisha likazama, na namna lilivyozama inafundisha. Si kwamba Waingereza wamechoka na majina ya kale kwa jumla. Miaka ya karibuni wamerudisha mengi: Arthur limepanda hadi kwenye majina kumi ya juu, Alfred limefufuka. Godfrey halikuitwa kwenye ufufuo huo. Sababu, kwa maoni yangu, ni ile silabi ya kwanza. Katika sensa ya mwaka 2021, kwa mara ya kwanza, wakazi wa England na Wales waliojitambulisha kuwa Wakristo walishuka chini ya nusu, wakawa asilimia 46.2, na waliosema hawana dini wakafika asilimia 37.2. Katika nchi ya namna hiyo, jina linaloanza kwa kumtaja Mungu waziwazi ni mzigo kwa mtoto anayepelekwa shule ya chekechea. Mtu anaweza kupinga kwamba labda ni mlio tu wa Godfrey usiowapendeza. Basi tutazame Theodore, ambalo sasa liko miongoni mwa majina yanayopendwa sana huko. Kwa Kigiriki maana yake ni zawadi ya Mungu, na kwa maana hiyo halina tofauti kubwa na Godfrey. Tofauti ni kwamba Mungu wa Theodore amejificha ndani ya Kigiriki ambacho wazazi hawakisikii. John nalo linasema kwa Kiebrania kwamba Mungu ni mwenye neema, na hakuna Mwingereza anayelisikia likisema hivyo. Wanaweza kumbeba Mungu kwenye majina yao maadamu hasikiki.

Huku kwetu jina lilikuja kwa njia zaidi ya moja. Wajerumani waliotawala Tanganyika kuanzia mwaka 1885 walikuwa na Gottfried miongoni mwa majina yao ya kawaida, na wamisionari wao wa Kilutheri na wa Moravian walilisambaza Kilimanjaro na nyanda za kusini kabla Mwingereza hajakabidhiwa nchi. Pwani na Zanzibar lilifika na Waanglikana wa misheni ya UMCA. Mmoja wao, Kanoni Godfrey Dale, ndiye aliyetoa mwaka 1923 tafsiri kamili ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili, kazi ambayo Waislamu wengi waliipokea kwa mashaka kwa kuwa ilitoka mkononi mwa padri, na ambayo baadaye ilijibiwa na tafsiri za Waislamu wenyewe, ikiwemo ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ya mwaka 1969. Usukumani, Wakatoliki wa shirika la Mapadri Weupe walifika Bukumbi mwaka 1883. Wamisionari wa Kiingereza wa shirika la CMS walifungua kituo Nassa, kando ya ziwa, mahali ambapo leo ni wilaya ya Busega ndani ya mkoa wa Simiyu, na mwaka 1909 kituo hicho kikachukuliwa na Africa Inland Mission (AIM), mzazi wa kanisa la AIC ambalo limeenea katika vijiji vingi vya Wasukuma. Kwa hiyo Simiyu ilipokea majina ya ubatizo kutoka mikono miwili. Wakatoliki walitoa majina ya watakatifu, tena kwenye madaftari yaliyoandikwa kwa Kilatini, ambako Godfrey huandikwa Godefridus. Jina la kike Godfrida, ambalo Tanzania bado lipo, linafanana na hilo la Kilatini kuliko la Kiingereza. Waprotestanti wa AIM walipenda zaidi majina ya kwenye Biblia, na Godfrey halimo kwenye Biblia. Lakini limo mlemle kwenye makanisa yao leo. Hilo peke yake linaonyesha kwamba kuna mkono mwingine uliolichagua mbali na mkono wa mmisionari.

Mkono huo ni wa mzazi, na ushahidi mwingine wa kuuona ni sheria ya Kanisa Katoliki yenyewe. Sheria ya mwaka 1917 ilimtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo, na wazazi wakikataa, aliongeze jina la mtakatifu kwenye lile walilolichagua na kuyaandika yote mawili kwenye daftari. Sheria mpya ya mwaka 1983 ililegeza: inakataza tu jina lililo kinyume na moyo wa Kikristo. Maana yake, kwa zaidi ya miaka 40 sasa, hakuna kanuni inayomzuia Msukuma Mkatoliki kumbatiza mwanawe Mabula bila nyongeza. Mlango umefunguliwa, lakini majina ya kigeni hayakutoka. Anayesema Godfrey linaendelea kwa kulazimishwa ana kazi ya kueleza miaka hiyo 40.

Mabula ni mahali pazuri pa kuuona moyo wa mambo. Kwa Kisukuma mbula ni mvua, na Mabula ni mtoto wa kiume aliyezaliwa mvua ikinyesha. Dada yake ataitwa Kabula. Limi ni jua. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija, hata akizaliwa miaka mitatu baadaye, kwa hiyo jina lake linaeleza historia ya tumbo lililomtangulia. Kashinje alitanguliza miguu. Bulugu alikuta vita, Maige alikuta nzige. Mgeni akisomewa orodha ya majina ya ukoo mmoja wa Kisukuma anaweza kupata taarifa ya hali ya hewa, ya mavuno na ya uzazi wa miaka 60 bila kufungua kitabu. Yapo pia majina ya kurithi, ya babu na bibi, na mtoto akilia usiku kucha bila ugonjwa unaoonekana hutokea wazee wakasema analilia jina la aliyetangulia, wakambadilishia. Na mtu mzima naye huweza kupata jina jipya kwa matendo yake: mcheza ngoma mashuhuri aliyefariki mwaka 1936, Igulu Bugomola, Tanzania nzima inamjua kama Ng'wanamalundi. Katika mazingira hayo, jina ambalo halimwambii mtu chochote ni kama mlango usio na nyumba nyuma yake. Watu watataka kujua linasema nini.

Sasa weka Godfrey mbele ya masikio hayo. Mkulima wa pamba wa Shishiyu huenda hakusoma Kiingereza zaidi ya darasa la saba, lakini neno la Kiingereza la Mungu analijua. Limeandikwa kwenye vioo vya mabasi, kwenye vibanda vya simu, kwenye fulana za kwaya. Ni moja ya maneno machache ya lugha hiyo ambayo hayahitaji shule. Kwa hiyo jina hili la kigeni linapofika linakuwa limekwisha kufunguka nusu. Kipande cha amani hakisikiki, na si neno. Msukuma hahitaji kuazima amani, kwa kuwa salamu yake ya asubuhi hujibiwa kwa mhola, neno la utulivu na usalama, kabla hata ya kuulizana habari za ng'ombe. Kinachosikika ni Mungu, na kinatosha. Godfrey likaingia kwenye mfumo wa majina yanayosema, likiwa la kigeni kwa sura na la kueleweka kwa kusudi.

Uthibitisho mkubwa zaidi si Godfrey lenyewe bali watoto wake. Afrika Mashariki, na Tanzania hasa, imezaa majina ambayo Uingereza haijawahi kuwa nayo: Godbless, Godlisten, Godliving. Godbless Lema alichaguliwa kuwa mbunge wa Arusha Mjini mwaka 2010, na hakuna mpiga kura wa Arusha aliyeona ajabu kwenye karatasi ya kura.  Majina haya hayakutoka kwa mmisionari yeyote. Mmisionari wa Kiingereza angeyasahihisha. Yameundwa hapa, na kiwanda chake kinaonekana wazi Kilimanjaro, Upare, Meru na kwingineko ambako El, neno la Kiebrania la Mungu lililozoeleka kupitia kina Eliya na Samweli, limeunganishwa na Kiswahili na kuzaa Elibariki, Elisante, Elihuruma, Elineema. Elibariki na Godbless ni jina moja katika mavazi mawili, na sala yake ndiyo ileile ya wimbo wa taifa, Mungu Ibariki Afrika. Jina linalokopwa tu hubaki lilivyo, au huchakaa. Godfrey na mwenzake Godwin yalivunjwa, kipande chenye sauti kikachukuliwa, na mengine yakajengwa juu yake. Wilfred halikuzaa mtu. Alfred halikuzaa mtu.

Wapo wanaoyacheka majina haya, na kicheko chao hutoka zaidi kwa wenzetu waliosoma. Wanasema Godlisten si Kiingereza sahihi, limekosa herufi ya mwisho. Wanaosema hivyo hawajalisoma vizuri. Si taarifa kwamba Mungu anasikiliza. Ni ombi, Mungu sikiliza, na ombi halihitaji herufi hiyo. Tena maana hiyo ina ukongwe unaotisha: Ishmaeli wa Biblia, Ismail wa Waislamu, ni jina la Kiebrania linalosema Mungu husikia. Godlisten ni Ismail aliyepita shule ya kata. Na kama kicheko ni kwa sababu jina limekuwa sentensi, Waingereza wenyewe walikuwa na majina ya sentensi walipokuwa bado wanamcha Mungu kwa sauti. Katika karne ya 17 Wapuritani wao, Waprotestanti wenye msimamo mkali, waliwaita watoto kwa sifa na maonyo ya dini, na mfanyabiashara wa ngozi wa London aliyeitwa Praise-God Barebone, yaani Msifu Mungu, alikuwa mjumbe wa bunge la mwaka 1653 ambalo mpaka leo vitabu vya historia huliita kwa jina lake. Yaani mtindo huu si upungufu wa Kiafrika. Ni kawaida ya watu ambao dini kwao ni jambo la kila siku, na huisha dini inapokuwa jambo la Krismasi.

Pingamizi zito kidogo ni kwamba nawapa wazazi sifa wasiyostahili. Wengi, mtu atasema, hawakuwaza silabi wala maana. Walisikia jina la padri, la mwalimu, la daktari wa hospitali ya Kolandoto, la mchezaji wa mpira, wakalipenda. Nakubali kwamba hilo hutokea sana, na majina hufuata watu maarufu kila mahali duniani. Godfrey halikukosa watu wa kulinganisha nao. Godfrey Binaisa, mwanasheria mkuu wa kwanza wa Uganda huru, akawa rais wa nchi hiyo kuanzia Juni 1979 hadi Mei 1980, wakati ambapo majeshi ya Tanzania yalikuwa bado Kampala na jina lake lilitajwa kwenye redio yetu. Godfrey Chitalu wa Zambia alifunga mabao 107 mwaka 1972, kwa hesabu ya chama cha soka cha nchi yake, kabla ya kufa na wenzake kwenye ajali ya ndege karibu na pwani ya Gabon mwaka 1993. Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliondoka mwaka 1992 kwenda kuchora katuni kwenye gazeti la Daily Nation la Nairobi, na kwa jina la Gado amewachokonoa marais wa ukanda huu kuliko mhariri yeyote. Lakini umaarufu unaeleza jinsi jina linavyoanza kupendwa, hauelezi linavyodumu kwa vizazi vitatu, wala hauelezi Godbless, ambalo lilianza bila mtu maarufu wa kuigwa. Na tazama Brian, Ryan na Jayden, majina yanayowavutia wazazi vijana wa mijini sasa kupitia runinga na simu. Hayasemi chochote kwa Kiswahili, kwa Kisukuma wala kwa Kiingereza cha mabasi. Sidhani yatakaa muda mrefu, na sitarajii yatazaa ukoo wake kama lilivyofanya neno lile la Kiingereza la Mungu. Yatapishana kama mitindo ya nywele za wachezaji.

Pingamizi ambalo siwezi kulimaliza ni la Msukuma anayeuliza: kama tunataka majina yanayosema, kwa nini tusibaki na yetu? Mabula linasema kwa ufasaha kuliko Godfrey. Hapa watetezi wa majina ya kigeni hujibu kwamba hakuna kilichopotea, kwa kuwa jina la ukoo lipo nyuma. Hilo ni kweli kwa vizazi viwili tu. Desturi yetu ya kuandika majina matatu, la mtu, la baba na la babu, ina hesabu yake isiyo na huruma. Tuchukue mfano wa kubuni. Shija alimzaa Mabula. Mabula akamwita mwanawe Godfrey, na kwenye cheti mtoto akawa Godfrey Mabula Shija. Hapo Usukuma upo mara mbili. Godfrey akamzaa Brian, akaandikwa Brian Godfrey Mabula. Brian akamzaa Jayden, akaandikwa Jayden Brian Godfrey. Kwenye kitambulisho cha Jayden hakuna mvua, hakuna pacha, hakuna kitu cha kumwonyesha mtu kwamba ukoo huu umetoka Simiyu. Hakuna aliyepiga marufuku jina lolote, hakuna mmisionari aliyeingia nyumbani, na vizazi vitatu vimetosha kulifuta.

Baadhi ya familia zimeepuka hilo kwa kulishikilia jina moja la ukoo lisisogee. Nyingine zimefanya jambo ninaloliona bora zaidi: zimelirudisha jina la nyumbani kwenye nafasi ya kwanza. Mbunge wa zamani wa Kisesa, wilayani Meatu, aliyekuwa pia Waziri wa Mifugo na Uvuvi, anaitwa Luhaga Joelson Mpina. Baba ana jina la kigeni, mwana ana la Kisukuma, na mpangilio huo haukumzuia kufika bungeni wala kwenye baraza la mawaziri. Doto Mashaka Biteko, aliyeteuliwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023, hakuhitaji kutafuta jina la kizungu ili atambulike serikalini. Na kila mtu wa Kanda ya Ziwa akilisikia jina lake anajua kwamba alizaliwa pacha wa pili. Ushahidi huo unaivunja hofu ya wazazi wanaodhani jina la kienyeji humfungia mtoto milango.

Kwa hiyo sina ugomvi na Godfrey. Limefanya safari ndefu kutoka misitu ya Ujerumani hadi mbuga za Meatu, na huku limepata kazi ambayo Waingereza wameacha kulipa. Ni jina la Tanzania sasa kama lilivyo lao, na kama hesabu ingepigwa ya watoto wanaoandikwa nalo, sina shaka letu lingekuwa hai kuliko lao. Ugomvi wangu ni na karatasi tupu. Mzazi wa Shishiyu anayekwenda kumsajili mwanawe amwite Godfrey au Godbless akipenda, lakini akifika mbele ya karani asiliache Mabula, Kabula, Shija au Kashinje nyumbani. Alitaje, na ahakikishe limeandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, tena likiwezekana kwenye nafasi ya kwanza.